Feni Mbili Kwenye Mji wa Masweta

Julai ikifika Kibondo, watu wanavaa masweta mpaka jua likae sawasawa juu ya mapaa, na wazee wengine hawayavui hata hapo. Chai inapoa kabla hujamaliza kumjulia hali mgeni na ng'ombe wake. Sasa mwanamke mzima, mwenye akili zake, asimame katikati ya mji wa namna hiyo atangaze kwamba anatafuta feni! Na wala si feni ya kumpepea yeye. Ni ya kuipepea kompyuta. Watu walicheka, na kusema kweli siku ya kwanza walikuwa na haki ya kucheka. Baada ya hapo ulikuwa umbea tu.

Mwanamke mwenyewe ni Evaline, ila ukiuliza Evaline utazungushwa mji mzima. Uliza Mama Japhet, yule wa video za kwaya, utaonyeshwa nyumba ya bati jekundu upande wa kwenda hospitali. Chumba chake cha mbele ndiyo ofisi: meza, kompyuta ya mezani, spika mbili, kiti cha mteja, na dirisha lisilofunguliwa kwa ajili ya vumbi. Humo ndimo anamokata na kuunga nyimbo za kwaya, harusi, vipaimara, na siku nyingine mazishi. Kazi hii hakuna aliyempa. Aliichukua kwa hasira.

Hasira yenyewe ilianza akiwa bado anaimba soprano kwenye kwaya ya kanisani. Studio moja iliwarekodi, ikawarudishia video ambayo watu wanafumbua midomo wimbo ukiwa umeshapita. Wenzake walisema ndivyo video zilivyo. Evaline akasema sivyo, na kama ndivyo, basi yeye atatengeneza ya kwake. Akajifunza kwa simu, akakosea, akajifunza tena, mpaka siku midomo na sauti vilipokutana. Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Tharsisi, alimpongeza kwa maneno yake mwenyewe: "Umejitahidi, kwa mwanamke." Mama Japhet aliyapokea yale maneno, akayaweka mahali. Ni mtu wa kuweka maneno.

Mama mkwe wake, Mama Bazilio, hakuitaka ile kompyuta tangu iliposhushwa kwenye gari. Mavuno yote ya shamba la bondeni yalikuwa yameuzwa ili inunuliwe, tena iliyotumika. "Umejiletea mke mwenza ndani," alimwambia Evaline, "tena mke mwenza asiyeshika jembe." Kwa muda mrefu bibi huyo alikuwa akifika, anaitikia shikamoo, anakipita chumba cha mbele bila kugeuza shingo, anakwenda kukaa jikoni. Evaline naye hakumbembeleza. Bazilio, mwana wa mmoja na mume wa mwingine, alipata sababu nyingi za kwenda vijijini kununua maharage.

Kilichowapatanisha ni kanda. Kwaya ilikuwa na kanda za zamani, za miaka ilipoanza, na Evaline alizipeleka zikahamishiwa kwenye kompyuta. Siku moja akiwa anazipitia, aliona kwenye safu ya besi, mwisho kabisa, mwanamume mwembamba aliyevaa koti lililomzidi mabega, anaimba macho ameyafumba. Alikuwa marehemu baba mkwe wake. Evaline alitoka mpaka jikoni, akamshika bibi mkono, akamleta mbele ya skrini bila kueleza neno.

"Mawe!" alisema Mama Bazilio, akimwita mama yake kwa Kiha, akakaa chini sakafuni, kiti kipo.

Aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Aliomba tena na tena mpaka uji wa watoto ukaungua jikoni na hakuna aliyejali. Kisha akaondoka. Wiki kadhaa zikapita, ndipo aliporudi na kitambaa cha kufuma. Kilikuwa cheupe, pindo lake la rangi ya damu ya mzee, na upande wa mbele ndege wawili wakitazamana. Alikuwa amelipima kasha la kompyuta kwa vidole siku asiyoonekana, maana kitambaa kilikaa sawia kutoka juu mpaka mezani, pande zote, bila upenyo. Nyumba za watu redio huvalishwa, televisheni huvalishwa, hata jagi la maji lina kitambaa chake; lakini kazi ya uzuri ule Evaline alikuwa hajaiona. Alilia kidogo. Toka siku hiyo bibi akifika anaingia kwanza chumba cha mbele, anakinyoosha kitambaa chake, halafu ndiyo anakaa.

Kwa hiyo kile hakikuwa kitambaa tu. Kilikuwa amani ya nyumba, na kila mtu alilijua hilo.

Basi kiangazi cha mwaka huu kwaya ikafikia jubilei yake. Video kubwa ilitakiwa, ya kuonyeshwa kanisani mbele ya mgeni rasmi, na Evaline akapewa kazi. Aliipanga vizuri: wazee walioianzisha kwaya kwanza, kutoka kwenye zile kanda, kisha nyimbo mpya. Vipande vilikaa. Ikabaki hatua ya mwisho, ile ya kuiachia mashine iviunganishe vyote viwe video moja, kazi ya saa nyingi ambayo mtu hafanyi kitu ila kusubiri. Mashine ikaenda mpaka nusu, ikazima. Evaline akaiwasha, ikaenda tena, ikazima.

Ushauri ulimwagika. Kijana wa steshenari alisema ni virusi. Jirani alisema ni umeme. Mzee Tharsisi alikuja na jibu lake tayari.

"Mama Japhet, umeijaza mashine mizigo ya bure. Watoe hao wazee wa kwenye kanda. Picha zenyewe zina chenga, nusu yao ni marehemu. Nani anataka kuangalia marehemu kwenye sherehe?"

"Mimi," alisema Evaline.

"Wewe siyo kwaya."

"Mwenyekiti, hao ndiyo kwaya. Sisi tumeikuta."

Mzee Tharsisi alijikohoza. Alisema wiki haiishi bila video. Isipokuwa tayari Ijumaa asubuhi, anakuja kuchukua kadi yenye picha zote za kwaya na kuipeleka studio kubwa ya Kasulu, na wao hawatahitaji kubembelezwa kukata wazee. Aliongeza kwamba kazi za mitambo hata hivyo zina wenyewe. Evaline akayaweka na hayo pamoja na yale mengine.

Alipobaki peke yake, aliweka kiganja juu ya kasha, juu ya kitambaa, akakitoa upesi. Lilikuwa la moto kama kikaango cha chapati. Akavua kitambaa kwa heshima, akakikunja, akafungua skrubu. Feni iliyokuwa nyuma ilikuwa imekufa siku nyingi, imevaa vumbi jekundu mpaka huwezi kusema ilikuwa rangi gani. Mbele palikuwa na nafasi ya feni, lakini feni yenyewe haikuwahi kuwekwa. Mashine ilikuwa inafanya kazi imeziba pua.

Ndipo alipoanza kuulizia feni, na mji ukaanza kucheka. "Kompyuta inaumwa joto? Hapa Kibondo? Mpeleke Kigoma akaoge ziwani!" Mwuza vitumbua alimwuliza kama kompyuta nayo imefika umri wa wanawake kuwaka joto. Evaline alimjibu kwamba ndiyo, na ikishamaliza itakuwa haiogopi mtu.

Kwenye simu aliangalia vijana wa mbali wakieleza habari za feni. Kila mmoja alikuwa na kasha la kioo linalomulika rangi zote, na wote walizungumza kwa haraka kama wanaofukuzwa. Alichuja maneno akabaki na machache. Hewa baridi iingie mbele, ya moto itoke nyuma. Feni kubwa huzunguka taratibu na haipigi kelele. Ndogo lazima ijikaze. Pima kabla hujanunua. Akachukua rula ya shule ya Japhet, akapima: mbele sentimita kumi na mbili, nyuma nane. Mmoja wa wale vijana alisema pia kwamba mashine isifunikwe. Hapo Evaline aliona ni vyema kusogeza video mbele kidogo.

Kibondo hakuzipata. Akapanda gari la asubuhi kwenda Kasulu, akiwa amevaa sweta, anakwenda kununua feni, na kondakta alipomwuliza safari ya wapi hakumwambia.

Duka alilolipata liko jirani na stendi. Mwenye duka ni Lukmani, kijana mchangamfu ambaye maneno yake yote yametoka redioni. Alishusha boksi refu la rangi kabla hata mteja hajamaliza kusalimia.

"Mama, hizi ndo zenyewe. Zinakuja tatu kwa mpigo, zina taa, zina rimoti. Ukizifunga hizi, mteja akiingia tu anajua hapa kuna studio, siyo maigizo."

"Rimoti ya nini, baba?"

"Ya kubadilisha rangi."

"Na upepo je? Nao una rimoti?"

Lukmani alicheka kibiashara. Evaline aligeuza boksi, akatazama kichwa cha waya, akaona kwenye mashine yake hakuna pa kukichomeka. Hata kama pangekuwepo. "Mimi natengeneza kwaya, sitengenezi disko. Nipe nyeusi, isiyo na taa, kubwa moja na ndogo moja. Na nataka nizisikie."

"Feni haisikilizwi mama. Feni inanunuliwa."

"Mimi nakaa nayo chumba kimoja nikipanga sauti. Nisiisikie leo, nitaisikia kila siku. Niwashie."

Lukmani alisema hana pa kuiwashia, na boksi likishafunguliwa limeuzwa. Mtu mwingine angelipa akaondoka akinung'unika. Evaline alitoka mlangoni, akamwita dereva wa bodaboda aliyekuwa ameegesha kivulini, akamwomba anyanyue kiti cha pikipiki. Alikuwa ameshasoma kwamba feni za kompyuta na betri ya pikipiki hula umeme wa nguvu moja. Akarudi, akasimama mbele ya kaunta, mkono ameunyoosha. Watu wawili watatu walishasimama kuangalia. Lukmani aliwatazama hao watu, akatazama bidhaa zake, akafungua boksi.

Feni ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote. Evaline aligusisha waya kwenye betri, mwekundu kwa chanya na mweusi kwa hasi, akaisogeza sikioni, akafumba macho. Ilikuwa na mngurumo wa chini, mpole, ambao mtu mwingine asingeujali. Yeye aliujali. Ulikuwa umekaa pale pale wanapokaa besi. Akiwa na huo mngurumo chumbani, angepunguza sauti za wanaume akidhani zimezidi, na baba mkwe wake angemezwa mzima mzima. "Hapana," alisema.

"Mama, hiyo watu wote wanachukua!"

"Watu wote hawana besi."

Ya pili ilikwaruza. Ya tatu ilikuwa nzito kidogo mkononi, imara, haina urembo wowote. Ilizunguka, na sauti yake ikawa ya hewa tu, kama mtu anayepuliza chai. Dereva wa bodaboda aliinamisha kichwa kuisikia, akasema, "Hii imetulia." Evaline akaiweka pembeni. Kwa ndogo ya nyuma hali ilikuwa mbaya. Zote mpya zilikuwa zinalia kama mbu. Aliomba kuona boksi la vyuma chakavu lililokuwa chini ya kaunta, akachakura humo mpaka akapata feni ya zamani iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa, ngumu kuzungusha, lakini panga zake nzima. Fundi cherehani wa mlango wa pili alimpa tone la mafuta. Evaline alibandua kikaratasi cha katikati ya feni, akadondosha tone, akazungusha kwa kidole mpaka ikalainika. Kwenye betri iliimba kwa upole.

Lukmani alitaja bei yake, Evaline akataja yake, wakakutana mahali ambapo wote wawili walinung'unika. "Mama," kijana alisema akifunga kifurushi, "wewe ukija tena nifahamishe mapema, nifunge duka." Alisema akicheka, na safari hii alicheka kweli.

Nyumbani alisafisha kasha kwa brashi ya rangi, akafunga feni kubwa mbele na ndogo nyuma, akavisha ile ya mbele kipande cha soksi ya nailoni kuzuia vumbi. Akawasha. Alichana karatasi laini, akaisogeza mbele, ikavutwa ikaganda. Akaisogeza nyuma, ikasukumwa. Alifurahi akapiga makofi peke yake. Halafu akafunga skrubu, akapangusa meza, akachukua kitambaa kutoka kwenye kiti, akaivalisha mashine, akawapanga ndege wawili watazamane vizuri upande wa mbele. Hakuwaza. Mkono ulifanya wenyewe jambo ambalo umelifanya kila siku.

Alhamisi Mzee Tharsisi alikuja kujionea. Alikaa kwenye kiti cha mteja, koti amelifunga vifungo vyote, akatazama kile kipimo kinachojaa polepole kwenye skrini. Kikajaa robo. Kikaelekea nusu. Evaline alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu mashine ilipozima.

Mzee Tharsisi hakucheka, na bora angecheka.

"Nilijua," alisema. "Kesho asubuhi nakuja kuchukua kadi."

"Kuja," alisema Evaline. "Utakuta video."

"Mama Japhet, kubali yaishe. Siyo dhambi kushindwa."

"Sijashindwa. Nimechelewa."

Alipotoka, Evaline alikaa akiitazama ile mashine kwa uchungu. Feni zilikuwa nzuri. Alizisikia kwa masikio yake. Akainama upande wa mbele, na hapo akaona kitambaa kimenywea, kimefyonzwa kwenye matundu, wale ndege wawili wamevutwa ndani mpaka vifua vyao vimebonyea. Nyuma kitambaa kilikuwa kimefutuka kama shavu, kimeizuia hewa yote ya moto pale pale, inarudi ilikotoka.

Sasa tuseme ukweli wake: hakushtuka. Alikuwa anajua. Alijua tangu siku alipogusa kasha kwa juu, alijua aliposogeza ile video ya kwenye simu, alijua Kasulu mbele ya Lukmani. Alikuwa tayari kubishana na mji mzima, na mwenyekiti, na wenye maduka, ilimradi asibishane na bibi mmoja mwenye sindano ya kufumia. Jambo hilo lilimkera kuliko yote. Alimpigia Bazilio simu huko maharageni. Bazilio akasema, "Mama akikuta umekivua, mimi sipo," na kweli hakuwepo.

Ijumaa kulipopambazuka Evaline alikivua kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye kiti cha mteja. Akafungua dirisha, ambalo lilishtua kwa mlio. Baridi ikaingia ikapanda mezani. Akaanzisha kazi upya, akavaa sweta la pili, akakaa.

Kipimo kilipita robo. Kilipita nusu. Aliweka kiganja juu ya kasha: vuguvugu tu. Hapo ndipo alipomsikia Mama Bazilio akibisha hodi uani, na badala ya kuinuka kukificha kile kitambaa, alibaki alipo.

Bibi aliingia, kichwa kimefungwa kitenge, bega limefunikwa kingine. Aliiona mashine. Aliona kitambaa kitini. Hakukinyoosha.

"Umemvua," alisema.

"Shikamoo, Mama."

"Umemvua, na dirisha umefungua. Na imbeho yote hii, baridi yote hii."

Evaline alikuwa ameyaandaa maneno yake tangu alfajiri, na yalikuwa makali. Akayasema bila kupepesa. "Mama, kitambaa chako kinaiua mashine. Nakipenda, sikitupi. Lakini hapa hakirudi. Hata ukiacha kunisalimia tena hakirudi. Mwenyekiti anakuja kuchukua kazi yangu, na mimi siitoi."

Alingoja kelele. Mama Bazilio alikaa kwenye ukingo wa kiti, akakichukua kitambaa, akakipakata. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea.

"Baba Bazilio alikufa Julai, mwana wanje, mwanangu. Imbeho ilimwingia kifuani. Nilimfunika na blanketi, nikamfunika na vitenge vyangu, nikamfunika na magunia, bado anatetemeka. Vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba havikutosha. Siku uliyonionyesha yuko humo ndani, anaimba, na kikoti kile... nikasema, safari hii hatapata baridi."

Maneno makali ya Evaline yalimwishia. Miaka yote alidhani kile kitambaa ni zawadi yake yeye, au ni cha mashine. Alitaka kumshika bibi mkono, lakini hakutaka pia kusema uongo wa kumbembeleza, kwa sababu mashine ilikuwa inaendelea kufanya kazi na kazi ndiyo ilikuwa kweli.

"Mama," alisema, "humo ndani baridi haimfanyi kitu. Humo kinachomwua ni joto."

Bibi aliinuka na kitambaa chake, akatoka. Evaline alisikia kigoda kikiburutwa, akajua hajaondoka. Amekaa kizingitini, nje ya mlango wa mbele, amegeuzia nyumba mgongo. Robo ya mwisho ya kile kipimo ilikuwa ndefu kuliko zote.

Mzee Tharsisi alifika jua likianza kupata nguvu. Alikuta njia imezibwa.

"Shikamoo, Mama Bazilio. Nimekuja kuchukua kadi ya kwaya."

"Marahaba. Mkamwana wangu anafanya kazi."

"Nimemwambia Ijumaa asubuhi. Tunaipeleka Kasulu, wapunguze wale wa kwenye kanda, iwe nyepesi..."

"Umpunguze nani?"

Kwenye zile kanda Mzee Tharsisi na yeye yumo, kijana mwenye nywele, bega kwa bega na aliyekuwa mume wa huyu bibi. Pengine hakuwa ameliwaza hivyo. Evaline alikuwa ameshasimama kwenda mlangoni kupigana vita vyake, akasikia vinapiganwa.

"Tharsisi, wewe nilikupikia ugali nyumbani kwangu, mkiimba mpaka kuku wanashindwa kulala. Leo unataka kumkata Baba Bazilio kwa sababu mashine imechoka? Mashine haijachoka. Ilikuwa imefunikwa, na aliyeifunika ni mimi. Ukitaka kugomba, gomba na mimi. Ukitaka kungoja, ngoja hapo juani, upate joto."

Alingoja hapo juani. Mwenyekiti wa kwaya, na koti lake.

Kipimo kilipojaa, Evaline hakuamini mara moja. Alikikagua, akakikagua tena. Halafu akawaita wote wawili ndani, akamkalisha mwenyekiti kwenye kiti cha mteja, akaongeza sauti ya spika. Mashine ilikuwa inazungusha feni zake mbili, ya dukani na ya boksi la vyuma chakavu, na chumbani humo hukusikia kitu. Wimbo wa zamani ukaanza. Soprano, halafu alto, halafu tenor, na picha zenye chenga za watu ambao nusu yao hawapo. Mzee Tharsisi alijiona, akashika upara wake. Kisha besi wakaingia, na mwisho wa safu yule mwembamba mwenye koti kubwa akafumba macho akaimba, na kila neno lake likafika.

"Umeweza, Mama Japhet," alisema Mzee Tharsisi polepole. Evaline alimtazama, akingoja kama kuna neno litaongezwa. Halikuongezwa.

Mama Bazilio hakuwa anatazama skrini. Alikuwa amezunguka nyuma ya meza, kitambaa amekitundika begani mwake mwenyewe, na kiganja amekiweka pale hewa inapotokea. Alikaa hivyo wimbo mzima. Evaline alisogea karibu naye.

"Ana joto," bibi alisema, macho yamejaa. "Mguse, mwana wanje. Ana joto. Mwache hivyo hivyo, wazi."